Vilima vinavyolimwa hadi kileleni na mji unaoagiza chakula: nani ana jibu sahihi kuhusu Kabare na Walungu?

Kila mwaka, Machi na Aprili, maharage ya msimu A yakishapungua ndani ya nyumba na yale ya msimu B yakiwa bado shambani, bei hupanda katika soko la Kadutu na mjadala ule ule huanza upya Bukavu. Ukitoka mjini kwa barabara ya Kavumu au ya Walungu, hakuna kilima utakachokuta kimelala bure. Kumelimwa hadi kileleni, kumelimwa hadi ukingoni mwa barabara. Hata hivyo nyanya, viazi, mayai na maziwa vinavuka Ruzizi kutoka Rwanda, mchele na mahindi vinapanda kutoka uwanda wa Ruzizi upande wa Uvira, na mihogo na mawese vinakuja kutoka Bunyakiri. Inakuwaje wakulima wengi namna hii wasiweze kulisha mji ulio mlangoni mwao, tena wao wenyewe wanunue unga?

Majibu hayakosekani, na yanapingana. Kuna wanaosema watu wamekuwa wengi kuliko ardhi. Wengine wanawalaumu vijana waliokimbilia machimbo, au wenye silaha na kodi zao barabarani. Siku hizi wameongezeka wanaosema dawa ni moja tu: kila mkulima apewe hati ya shamba lake. Kila jibu lina ukweli ndani yake, lakini kila moja, likiachwa peke yake, linatupeleka kwenye sera mbaya.

Ardhi ya mwami, ardhi ya serikali

Bushi, yaani nchi ya Washi inayoshika sehemu kubwa ya teritwari za Kabare na Walungu, imerithi utaratibu wa ardhi wenye ngazi. Ngazi iliyo imara zaidi ni kalinzi. Familia hutoa ng'ombe kwa mwami, mtawala wa kimila, au kwa chifu aliye chini yake, nayo hupata haki ya kujenga, kulima na kurithisha watoto. Aliyekosa ng'ombe huingia kwenye bwasa: anapewa kipande kwa msimu au misimu michache, analipa kwa pesa, kwa sehemu ya mavuno au kwa siku za kazi, na haruhusiwi kupanda kitu chochote kinachodumu. Anaweza kupanda maharage, viazi vitamu au mihogo, lakini si migomba, kahawa wala miti, kwa kuwa kwa desturi mti uliopandwa ni ushahidi wa umiliki. Baadaye ikaja bugule, kununua kwa pesa, na hii ndiyo iliyofungua mlango kwa watu wa mjini.

Juu ya ngazi hizo serikali ililaza ngazi zake. Mwaka 1928 Wabelgiji waliunda Comité National du Kivu na kuipa mamlaka ya kugawa ardhi kwa walowezi. Udongo wa kivolkano wa kaskazini mwa Kabare, kuelekea Miti, Kavumu na Katana, ukapandwa kahawa, chai na mikwinini, miti ambayo magome yake hutoa kwinini. Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya 1966 na sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ziliifanya ardhi yote kuwa mali ya serikali. Kifungu cha 389 cha sheria hiyo ya 1973 kiliahidi kwamba haki za watu wanaokaa kwenye ardhi ya kimila zingepangwa kwa amri ya Rais. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Novemba 1973 Rais Mobutu akatangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yanapewa Wazaire, na mashamba mengi makubwa ya Kivu yakaangukia mikononi mwa wenye vyeo na wafanyabiashara. Baadhi hawakujua hata kahawa hupogolewa lini.

Kisha kuna Hifadhi ya Kahuzi-Biega. Ilianzishwa mwaka 1970 ikiwa na hekta 60,000, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi hekta 600,000. Batwa waliokuwa wakiishi msituni walifukuzwa bila fidia, na upanuzi ule ukavikuta vijiji vya Nindja vikiwa na watu ndani yake.

Kwa hiyo mtu anayelima leo pembeni mwa Miti anaweza kuwa na mabwana watatu juu ya udongo mmoja: mwami aliyepokea ng'ombe wa babu yake, mwenye cheti kilichoandikwa mjini, na mlinzi wa hifadhi. Nani kati yao ana neno la mwisho? Inategemea anayeuliza ana uwezo gani wa kufika mahakamani.

"Watu ni wengi mno"

Hoja hii ina nguvu kwa sababu inaonekana kwa macho. Sensa ya mwisho ya Kongo ilifanyika mwaka 1984, kwa hiyo takwimu zote za watu tunazosikia ni makadirio. Lakini makadirio yanakubaliana kwamba Kabare na Walungu zina watu zaidi ya 300 kwa kilomita moja ya mraba, na kwamba familia nyingi hazina hata hekta moja. Baba mwenye kalinzi akiwa na wana wanne, shamba linakatwa mara nne. Vita vya 1996 na 1998, na mashambulizi ya usiku yaliyofuata kule Kaniola na Nindja, vilisukuma watu kutoka vijiji vya pembezoni kuja kando ya barabara kuu na mjini. Udongo nao haulingani. Ule wa Kabare kaskazini bado una rutuba ya volkano, ila ule wa Walungu ni mkongwe, una tindikali, na mvua imeshauchukua mwingi.

Lakini hoja hii inaishia pale inapofika kwenye uzio wa shamba kubwa. Kando ya viwanja vinavyotosha mtu kulima kwa siku mbili kuna mashamba ya zamani ya walowezi ambayo sehemu yake ni malisho ya ng'ombe wachache au mikaratusi. Mara nyingi jirani huruhusiwa kulima kona moja humo kwa kulipa siku kadhaa za kazi kila wiki, na mwenye shamba akibadili mawazo, kona hiyo inarudi. Uhaba wa ardhi upo, ila sehemu yake umetengenezwa na watu. Kuwaambia wakulima wapunguze kuzaa huku tukikaa kimya kuhusu mashamba hayo ni kuchagua nusu ya ukweli iliyo rahisi kusemwa.

Wanaopenda hoja ya wingi wa watu husahau pia suala la migomba. Kwa vizazi vingi mgomba ndio uliolipa karo, kwa sababu ya ndizi zake na kasiksi, pombe inayotengenezwa kwazo. Ulipoingia mnyauko wa bakteria, ugonjwa uliokwisha kuonekana Masisi mwaka 2001, vijiji vilipoteza chanzo hicho. Tiba inajulikana: kung'oa au kukata mashina yaliyougua, kuondoa ua la dume kwa kijiti chenye pacha badala ya kisu, kusafisha panga kwa moto au dawa. Lakini anayefanya kazi hiyo ni yule mwenye uhakika kwamba mgomba utakaomea badala yake utakuwa wake. Mwenye bwasa hana mgomba wa kuokoa, maana hakuruhusiwa kuupanda tangu mwanzo.

"Vijana wamekimbilia karie"

Wazee wanaolaumu machimbo wana sababu. Kamituga, Mukungwe, Nzibira na Misisi zimemeza nguvu kazi ya vilima hivi, na palizi ya Machi huachiwa wamama na watoto. Bei za vitu huko hupanda kwa kipimo cha dhahabu, na hatari yake si ya kubuni: Septemba 2020 mashimo yaliyojaa maji Kamituga yaliua watu zaidi ya 50 kwa siku moja.

Hata hivyo kijana haendi karie, yaani machimboni, kwa sababu amechoka na jembe. Anakwenda kwa sababu jembe halimpi pesa taslimu kwa wakati. Shule ya msingi ilitangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, lakini sekondari inalipiwa. Mahari na hospitali hazisubiri mavuno, wala bati la kuezekea. Maharage yanaingia pamoja kwa majirani wote na kuuzwa pamoja, tena kwa bei ya chini. Mwezi mmoja wa dhahabu, ukienda vizuri, unaweza kulipa kile ambacho misimu miwili ya shamba haikulipa. Wengi hawaendi vizuri: wanakula kwa mkopo wa mwenye shimo na kurudi na deni. Lakini wachache wanaorudi na kitu hukifanyia nini? Wananunua kiwanja, wananunua mbuzi, wanaezeka nyumba. Pesa ya karie inarudi shambani kwa mlango wa nyuma.

Tuna jaribio lililokwisha kufanyika. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji mdogo katika mikoa ya Kivu zote mbili na Maniema, hadi Machi 2011. Kama machimbo yangekuwa ndiyo adui wa kilimo, miezi ile mashamba yangestawi. Kilichoonekana ni karo kukosa mlipaji na wachuuzi wa vijijini kukosa wanunuzi, kwa sababu wachimbaji ndio waliokuwa wakinunua unga, mafuta na mboga. Atakayefunga karie bila kubadili shambani chochote atakuwa ameufunga mfuko wa mkulima.

"Tatizo ni njia"

Hapa ndipo uchambuzi mwingi hupita haraka, na mimi nataka nikae kidogo.

Mfuate mama anayetoka soko la Mudaka na mzigo wa ndizi au wa mihogo mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso. Alilipa ushuru wa soko. Njiani kuna bariye: gogo au kamba iliyovutwa katikati ya barabara, na mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki. Analipa, anapewa kijikaratasi kinachoitwa jetoni, au hapewi kitu. Akifika mjini anadaiwa tena na mtu mwenye kitabu cha risiti cha idara nyingine. Akishauza, faida yake ya siku ni kile kilichosalia baada ya mikono yote hiyo, na mara nyingi kilichosalia ni ujira wa mgongo wake tu. Jasho la aliyelima halimo. Shirika la utafiti la IPIS lilipohesabu bariye za Kivu Kaskazini na Kusini mwaka 2017, lilikuta karibu 800. Si zote zilikuwa za waasi. Nyingi zilikuwa za watu wanaolipwa na serikali, au wanaotakiwa kulipwa nayo.

Kwa nini bariye haziishi? Jibu la haraka ni ulafi, na ulafi upo. Lakini tazama hesabu za sheferi, yaani eneo linaloongozwa na mwami. Kwa sheria ya 7 Oktoba 2008, sheferi ni mamlaka kamili ya mtaa: ina bajeti, ina wafanyakazi, inatakiwa kutunza barabara za ndani, masoko na vituo vya afya. Katiba ya 2006 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ibaki mikoani, na sheria hiyo inataka asilimia 40 ya fungu hilo ishuke hadi kwenye mitaa na sheferi. Fedha hizo zimekuwa zikifika kidogo, zikichelewa, au zisifike kabisa. Ofisi isiyopata fedha kutoka juu inatafuta chini, na chini kuna mama mwenye kapu. Yaani tunatoza chakula ushuru ili kulipa karani wa ofisi inayotakiwa kukisaidia chakula hicho kifike sokoni.

Hoja ya njia ina udhaifu wake pia. Kuna waliofikiri barabara nzuri peke yake ingeleta neema. Barabara nzuri ilipofika, gari lilileta nyanya za Rwanda haraka kuliko lilivyopeleka za Walungu, maana upande wa pili wa Ruzizi kuna mbegu bora, dawa, vyama vya wakulima na mzigo wa kutosha kujaza gari. Barabara hupita pande zote mbili, na mwenye cha kuuza ndiye anayefaidi.

"Wapeni hati"

Hoja hii imepata wafuasi wengi kwa kutazama ng'ambo ya mto. Kati ya 2008 na 2013 Rwanda ilisajili vipande vya ardhi zaidi ya milioni 10, vingi vikiwa vidogo kama vyetu. Jina la mke liliandikwa pamoja na la mume aliyemwoa kisheria. Kwa mjane wa Walungu, ambaye desturi inawapa shemeji zake ardhi ya marehemu ingawa Sheria ya Familia ya 1987 inasema vingine, hilo si jambo dogo hata kidogo. Benki inaweza kukopesha, na anayemiliki kwa uhakika anaweza kuchimba matuta na kupanda miti.

Lakini Rwanda ilikuwa na serikali moja yenye kufika kila kilima, na bado ilijifunza kwamba kusajili mara ya kwanza ni rahisi kuliko kuiweka hai rejista. Watu wanaporithi na kuuziana vipande vidogo, ada ya kuhamisha huwashinda, wanarudi kuandikiana karatasi nyumbani. Kwetu hali ni nzito zaidi. Cheti cha usajili hutolewa mjini, kwa safari nyingi na ada nyingi, na anayeweza kuzimudu si yule anayelima. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwenye bugule: chifu anauza, mtu wa Bukavu anapata cheti, na familia iliyokuwa pale kwa bwasa ya miaka ishirini inaambiwa ina msimu mmoja wa kuondoka. Hati, katika mahali ambapo wachache ndio wanaoweza kuipata, huhamisha ardhi kuliko inavyoilinda. Na tangu waasi wa M23 waliposhika Bukavu katikati ya Februari 2025, benki zikafunga na ofisi zikabadilika wakubwa, kuna swali ambalo wapenda hati hawajalijibu: mhuri wa leo utaheshimiwa na nani kesho?

Mizani

Nikiziweka hoja hizi pamoja, naona zinakutana mahali pamoja. Shamba la Kabare ni dogo, lakini linachoka kwa sababu anayelilima hana uhakika nalo. Ukijua kwamba kipande kitarudi kwa mwenyewe mwakani, kumwaga samadi humo ni kumtajirisha mwingine. Huchimbi mifereji ya kuzuia maji, hupandi miti ya kushika udongo, na hata ukitaka huruhusiwi. Unalima maharage juu ya mteremko mtupu, mvua inashuka na rutuba, mavuno yanapungua, kijana anaondoka. Kisha tunasema udongo umechoka na vijana ni wavivu. Matope yaliyofunika Bushushu na Nyamukubi, Kalehe, Mei 2023, na kuua watu zaidi ya 400, yalikuwa na mvua kubwa kama chanzo, lakini milima iliyovuliwa miti iliyasaidia kushuka.

Ndiyo maana sina imani kubwa na ugawaji wa majembe na mbegu unaofanywa na mashirika kila baada ya fujo. Mbegu bora za vituo vya utafiti vya INERA Mulungu na IITA Kalambo ni nzuri, na utafiti wake ni wa hapahapa. Zikiwekwa kwenye ardhi ambayo mlimaji ataiacha baada ya mavuno, zinazaa mara moja tu. Linalodumu ni lile analoweza kuhama nalo: simbilisi kwenye kibanda, mbuzi, na akiba kwenye likelemba au kwenye sanduku la AVEC, kikundi cha kijiji cha kuweka akiba na kukopeshana. Wamama wameielewa hali hii mapema kuliko wataalamu, na akiba yao ya sanduku ilikuwa na faida ya wazi benki zilipofunga.

Kwa hiyo ningeanza na bwasa, kabla ya hati. Mkataba wa bwasa ulioandikwa, wa miaka mitatu hadi mitano, wenye saini ya chifu wa kijiji na mashahidi wa pande zote mbili, jina la mwanamke likiwemo, na kipengele kinachosema miti iliyopandwa si dai la umiliki bali italipwa au itavunwa mkataba ukiisha. Hauhitaji safari ya mjini, na haujali ni nani ameshika ofisi za ardhi. Una gharama zake: mwenye ardhi atapoteza uhuru wa kumwondoa mtu kila msimu na huenda akapandisha kodi, na chifu atakosa zawadi ya kila mwanzo wa kilimo. Hayo ni mapungufu ya kweli. Lakini mlimaji akipata miaka mitano, kodi ya juu kidogo inaweza kulipika kwa udongo uliotunzwa, wakati kodi ya chini juu ya mteremko unaomomonyoka hailipiki na yeyote.

Pamoja na hilo, ushuru wa chakula kinachobebwa mgongoni ufutwe, na anayeshika mamlaka, awe nani, aipe sheferi fungu lake la fedha ili isiishi kwa kapu la mama. Suala la mashamba makubwa yaliyolala ni la haki na litabaki, ila linahitaji serikali yenye mahakama zinazosikilizwa. Kulisubiri ndipo tuanze mengine ni kupoteza misimu bure.

Wengi wanaosoma haya mjini Bukavu wana kiwanja Kabare au Walungu, walichonunua au kurithi, na kuna mtu anayekilima kwa neno la mdomo tu. Msimu A unaanza Septemba. Kabla mbegu hazijaingia ardhini, mwite mtu huyo, kaeni mbele ya chifu, mwandikie miaka mitatu na umruhusu kupanda miti.